Kidole cha Kushoto

Kazi yangu siku ile ilikuwa kichupa.
Si daftari, si sanduku, si kuita majina:
kichupa cha wino, kitambaa,
na neno moja tu, "Kushoto."
Nao wakanipa kidole cha mwisho, kile kidogo,
mmoja baada ya mwingine, darasa la tatu B,
chini ya jedwali la kuzidisha.

Kaliua ni watu wa tumbaku.
Ulikuwa mwezi wa kuchambua majani
na mikono ilikuja na gundi yake,
nyeusi hadi ndani ya kucha.
Wino ulipita juu ya weusi ule bila kuacha habari.
Msimamizi akaguna: "Tutamjuaje aliyekwisha kupiga?"
Tukaleta majivu na malimau.
Watu wakasugua kwanza, ndipo wakachafuliwa upya.

Swali la kura lilikuwa refu kuliko foleni.
Mzee Kapufi aliomba asomewe mara tatu:
sheria, ujauzito, hiari, masharti.
Mara ya tatu akashusha pumzi.
"Kumbe ni lile tunalolijua."

Kura ni siri, tuliapishwa hivyo.
Lakini jioni bombani siri ina kiu kama watu.

Alianza Mwashi, khanga kaifunga kiunoni:
"Nimeweka Hapana.
Nimezaa tisa, nimezika watano,
na kila mmoja nilimjua kabla hajacheza tumboni.
Siwezi kuweka alama kwamba hakuwa mtu."

Maji yakaendelea kugonga debe.

Kalunde, mke mwenziwe, hakuinua uso.
"Mimi Ndiyo. Kwa ajili ya Nyamizi."
Akaishia hapo.
Nani hapa hakumjua Nyamizi?
Kijiti cha muhogo, shuka la maua,
pikipiki iliyozimika usiku karibu na reli
na behewa za Mpanda zikipita polepole,
polepole,
kama zinahesabiwa.

Debe likajaa. Mwashi akainama,
akalishika upande mmoja, Kalunde upande wa pili,
Hapana akamtwisha Ndiyo,
wakaenda nyumbani kwa mume wao
ambaye hakusema alichopiga
na hakuna aliyemuuliza.

Katekista Malembeka alisema hasemi,
kisha akasema:
"Jumapili nitahubiri ninachohubiri siku zote.
Ila mle ndani ya kile kijumba cha maboksi
niliingia na binti zangu wanne kichwani,
na kalamu ilikuwa na kamba fupi."
Akapanda baiskeli. Mnyororo ukachomoka.
Akaikokota.

Kashindye wa cherehani alikuwa wa mwisho kwenye foleni,
ndoo moja tu, kwake yuko peke yake.
"Mimi niliweka vema kote kuwili," akasema,
"halafu nikaandika pembeni:
Mbona hamkuwauliza waliotupa mimba?"
Nikamwambia, kwa sauti ya kiofisi niliyokuwa nayo bado,
"Basi kura yako imeharibika."
Akanitazama.
"Hata hiyo nayo?"

Sikuwa na kitambaa cha kufuta neno lile.
Miaka sita ya ndoa, na mara zote nne
ni mimi niliyempeleka zahanati kwa malipo ya nusu.
Nilijua. Nilisahau kwa dakika moja.

Ndipo wakanigeukia.
"Na wewe, mwenye wino?"
Nikaonyesha kidole changu.
Hilo si jibu, wakasema, na kweli halikuwa jibu.
Giza likatupata tukiwa bado tumesimama,
bomba likikohoa upepo.

Matokeo yalisomwa redioni kwa tarakimu.
Kaliua ilipita haraka, kati ya wilaya mbili nyingine,
mtangazaji akimeza mate.
Wino ulinitoka wiki ya tatu,
ukabaki mstari mwembamba kwenye mzizi wa ukucha.

Pikipiki ile ilikuwa yangu.
Sijawahi kuiuza.
Kila jioni najaza tangi hadi shingoni,
hata kama sina safari.